Kinachokatwa Ibada Inapofupishwa

Kuna neno limeenea katika sharika zetu, nalo husemwa kwa sauti ya mtu mwenye busara: ibada ni ndefu mno, tufupishe liturgia. Husemwa kwenye vikao vya wazee wa kanisa, husemwa na vijana, na siku hizi husemwa hata na baadhi ya wachungaji. Sisi tunaoandika makala hii tunalipinga neno hilo. Hatulipingi kwa kuwa tunapenda mambo ya kale kwa sababu tu ni ya kale. Tunalipinga kwa sababu anayekata liturgia hukata kitu chenye uhai, na mara nyingi hajui amekata nini mpaka usharika umekwisha kudhoofika.

Tazameni kinachokatwa. Muda unapobana, zaburi ndiyo huondolewa kwanza. Kisha ungamo la dhambi husomwa kwa mbio, bila hata pumzi moja ya kimya ambamo mtu angeweza kuikumbuka dhambi yake. Sala ya Kanisa, ile inayowataja wagonjwa, watawala, wajane, wafungwa na walio safarini, hufupishwa ikabaki sentensi mbili. Na kama ni Jumapili ya Chakula cha Bwana, husikika minong'ono kwamba leo afadhali kiahirishwe.

Lakini matangazo hayakatwi. Mnada wa kuku na mayai haukatwi. Utambulisho wa wageni waheshimiwa, mmoja mmoja, pamoja na maneno machache ya kila mmoja ambayo kamwe si machache, haukatwi. Hatusemi kwamba mnada ni dhambi. Mjane aliyeleta mkungu wake wa ndizi ametoa sadaka ya kweli mbele za Mungu. Tunachosema ni hiki: kinachokatwa na kinachoachwa huonyesha usharika unaamini nini, tena kwa uwazi kuliko Imani ya Mitume inayokiriwa watu wakiwa wamesimama.

Katika ubishi huu tunamwita shahidi mmoja, Wilhelm Löhe, mchungaji wa Kilutheri wa karne ya 19 huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Tunamwita yeye kwa sababu wanaotaka liturgia ikatwe hudai kwamba liturgia na moto wa Injili havikai nyumba moja: penye taratibu hapana Roho, na penye madhabahu yenye heshima hapana umisheni wala huduma kwa maskini. Maisha ya mtu huyu yanalikanusha dai hilo.

Mchungaji wa kijiji

Löhe alizaliwa mwaka 1808 katika mji wa Fürth. Alisoma theolojia Erlangen, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1831. Akiwa bado mchungaji msaidizi kule Kirchenlamitz, mahubiri yake yalivuta watu wengi, naye akawakusanya nyumbani kwa maombi na kujifunza Neno. Wakuu waliingiwa na hofu juu ya mikusanyiko hiyo, na mwaka 1834 akaondolewa. Kwa hiyo anayedhani kwamba mpenda liturgia ni lazima awe mtu baridi asiyejua uamsho, aanzie hapo: Löhe alikuwa mtu wa uamsho kabla hajawa mtu wa liturgia, wala hakuuacha uamsho alipoishika liturgia.

Mwaka 1837 alipewa usharika wa Neuendettelsau, kijiji cha wakulima. Baadaye aliomba nafasi za mjini, hakupewa. Alibaki kijijini humo karibu miaka 35, mpaka alipofariki tarehe 2 Januari 1872. Mwaka 1843 alifiwa na mkewe Helene, baada ya miaka sita tu ya ndoa, akaachiwa watoto wadogo. Mwaka uliofuata, 1844, kilitoka kitabu chake cha taratibu za ibada, yaani Agenda. Aliyewahi kukaa msibani anajua kwamba huzuni inaweza kumnyang'anya mtu maneno yake yote. Saa hiyo mtu haombi kwa ufasaha. Saa hiyo huhitaji maneno ambayo Kanisa liliyaomba kabla yake na litayaomba baada yake, apate kuyaegemea kama mgonjwa anavyoegemea bega la ndugu. Wanaosema kwamba sala iliyoandikwa haiwezi kutoka moyoni wamesahau siku ambazo moyo hauna kitu cha kutoa.

Kanisa alilolikuta

Ni vema kujua Löhe alikuwa anapambana na nini, kwa maana aliyoyakuta yanafanana sana na yanayotutisha leo.

Katika karne ya 18 sehemu kubwa ya Waprotestanti wa Ujerumani ilitekwa na mafundisho yaliyoifanya akili ya mwanadamu kuwa hakimu wa kila jambo. Imani ikageuzwa kuwa maadili mema, na ibada ikageuzwa kuwa darasa. Sehemu za kale za liturgia zilifutwa au zikaandikwa upya ili zisiwakwaze wasomi. Ungamo la mtu mmoja mmoja mbele ya mchungaji lilitoweka mahali pengi. Chakula cha Bwana kikawa jambo la mara chache kwa mwaka. Mimbarani walisimama watu waliofundisha kilimo bora na faida za chanjo, mambo yanayofaa kwa mwili, lakini wenye dhambi wakarudi nyumbani bila kusikia kwamba dhambi zao zimeondolewa.

Watu hao hawakujiona kuwa maadui wa Kanisa. Walikuwa na nia njema. Walitaka ibada ieleweke, iwe fupi, iwe na faida, iendane na wakati. Ndivyo hasa wanavyosema wanaotaka kufupisha leo. Tunawaomba watazame matunda: ibada iliyofupishwa ili iwavute watu ilizaa makanisa matupu, kwa sababu watu wanaweza kupata mawaidha popote, lakini ondoleo la dhambi, Mwili na Damu ya Kristo, hawavipati popote.

Upande wa kaskazini, katika Prussia, lilitokea kosa la namna nyingine. Mfalme Friedrich Wilhelm III aliamua mwaka 1817 kuwaunganisha Walutheri na Wareformed, na mwaka 1822 akatoa Agenda yake mwenyewe ya ibada, ambayo serikali iliisukuma kwa nguvu. Walutheri waliokataa walisumbuliwa; mwaka 1834 kule Hönigern, katika Silesia, askari waliletwa kulifungua kanisa ambalo washarika walikuwa wakililinda. Wengine walihama nchi, wakaenda Australia mwaka 1838 na Marekani mwaka 1839. Watu waliacha mashamba, nyumba na makaburi ya wazazi wao kwa sababu ya maneno yanayosemwa madhabahuni. Basi yule anayetuambia kwamba taratibu za ibada ni jambo dogo lisilostahili kubishaniwa, na awaeleze hao walioliacha kila kitu nyuma yao.

Löhe alijifunza kutoka pande zote mbili. Hakutaka ibada inayokatwa na akili ya wasomi, wala hakutaka ibada inayoamriwa na kiti cha mfalme. Alirudi kwenye vitabu vya kale vya sharika za Kilutheri za karne ya 16, akasoma pia liturgia za kale za Mashariki na za Magharibi, akauliza: Kanisa liliombaje kabla halijaanza kuona aibu juu ya sala zake?

Mlima wenye vilele viwili

Katika kuieleza ibada kuu ya Jumapili, Löhe alitumia mfano wa mlima wenye vilele viwili, kimoja kikiwa chini kidogo ya kingine. Kilele cha kwanza ni mahubiri. Kilele cha pili, kilicho juu zaidi, ni Sakramenti ya Altare. Usharika hupanda kwa ungamo, zaburi, kilio cha kuomba rehema na masomo mpaka kufikia Neno linalohubiriwa. Lakini safari haiishii hapo. Hupanda tena, kwa sala na shukrani, mpaka Mezani pa Bwana, kisha hushuka kwa amani na kwenda nyumbani na baraka.

Mfano huo si mapambo, maana unafuata njia ya Biblia yenyewe. Katika Luka 24 wale wanafunzi wawili wa Emau walifafanuliwa Maandiko njiani, na mioyo yao ikawaka. Lakini walimtambua Bwana katika kuumega mkate. Katika Matendo 2:42 waumini wa kwanza walidumu katika fundisho la mitume na ushirika, katika kuumega mkate na katika kusali. Luka hakuandika kwamba walidumu katika fundisho na matangazo.

Sasa tazameni kinachotokea mahali pengi. Usharika hupanda kilele cha kwanza, nako hukaa saa nzima, kisha husimama, hukung'uta vumbi na kurudi bondeni. Hata Jumapili ambayo Meza imeandaliwa, wako wanaochukua mikoba yao na kutoka mara sadaka inapokwisha kukusanywa, kana kwamba Bwana ameandaa karamu kwa ajili ya watu wengine. Anayealikwa harusini akaondoka chakula kinapoletwa huwatukana wenyeji wake. Sote tunalijua hilo na tunawafundisha watoto wetu. Ajabu ni kwamba adabu tunayoidai katika harusi za binadamu haidaiwi katika karamu ya Mwana-Kondoo.

Wengine hujitetea kwa Luther. Husema, je, Luther hakuandika kwamba inatosha kushiriki mara nne kwa mwaka? Hapana, hakuandika hivyo. Katika dibaji ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alisema kwamba asiyeitamani Sakramenti angalau mara kama nne kwa mwaka ni wa kuogopewa kuwa anaidharau, na kwamba si Mkristo. Alichokitaja kama dalili ya ugonjwa kimegeuzwa kuwa kipimo cha afya. Na Utetezi wa Ungamo la Augsburg, ambao wachungaji wetu huapa kuufuata pamoja na maungamo mengine ya Kanisa, unasema wazi kwamba kwetu Walutheri Sakramenti huadhimishwa kila siku ya Bwana na katika sikukuu nyingine. Kwa hiyo anayetaka Meza kila Jumapili haleti jambo jipya. Aliyeiacha ndiye aliyeleta jipya.

"Hayo ni ya Kirumi"

Löhe alishtakiwa katika maisha yake kwamba anawarudisha watu Roma. Alirudisha ungamo la mtu mmoja mmoja kijijini kwake, akahimiza watu kushiriki Meza mara kwa mara, akapiga magoti, akapamba madhabahu: je, huo si Ukatoliki?

Mashtaka hayo bado yanasikika, na jibu lake ni lile lile. Bavaria ya wakati huo ilikuwa ufalme wa Kikatoliki. Mwaka 1838 serikali iliamuru hata askari Waprotestanti wapige magoti mbele ya Sakramenti katika shughuli za Kikatoliki, amri iliyowaumiza sana Walutheri na ambayo ilikuja kuondolewa mwaka 1845. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuchukia kupiga magoti, ni Mlutheri wa Bavaria wa miaka hiyo. Hata hivyo Löhe hakuruhusu hasira kumwamulia namna ya kumwabudu Mungu. Alijua kwamba kitu hakiwi kibaya kwa kuwa jirani anacho. Matengenezo ya karne ya 16 yalikataa kuifanya Meza kuwa dhabihu ya mwanadamu kwa Mungu, hayakukataa Meza. Anayetupa mtoto pamoja na maji aliyoogeshewa hajafanya usafi.

"Hayo ni ya Wazungu"

Shutuma hii inatugusa zaidi, nasi tunaiheshimu. Ni kweli kwamba wamisionari walikuja na nyimbo zao, sauti zao na kinanda chao, na wengine walidhani kwamba ngoma haiwezi kumsifu Mungu. Hapo walikosea, na Kanisa limefanya vizuri kuwasahihisha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, linafundisha kwamba si lazima taratibu zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Sauti zibadilike. Ngoma zipigwe. Vigelegele visikike.

Lakini liturgia yenyewe si mali ya Ulaya. Amina na haleluya ni maneno ya Kiebrania. Zaburi ziliimbwa Yerusalemu. Kilio cha kumwomba Bwana atuhurumie kilipokewa kwa Kigiriki. Na ule mwaliko wa kuinua mioyo kwa Bwana, unaotangulia sala ya Mezani, ulikwisha kuandikwa katikati ya karne ya 3 na Cyprian, Askofu wa Karthago, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Karthago iko Afrika. Waafrika walikuwa wakiinua mioyo yao kwa maneno hayo karne nyingi kabla Wasaxoni wa Ujerumani hawajabatizwa. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Basi ajiulize anayetupa maneno hayo kwa jina la Uafrika na kuweka mahali pake mtindo alioutazama kwenye runinga kutoka kanisa kubwa la Marekani: ni nani hapo aliyeacha asili?

"Liturgia huua umisheni"

Hapa ndipo shahidi wetu anasema kwa nguvu zaidi. Agenda ya mwaka 1844, iliyokuja kuwa na nguvu katika kufufua ibada ya Kilutheri, haikuandikwa kwa ajili ya kanisa kuu lenye minara na kwaya ya kulipwa. Löhe aliitayarisha hasa kwa ajili ya sharika za Wajerumani wahamiaji huko Amerika Kaskazini, watu waliokuwa wakikata miti ili wapate mahali pa kulima na kusali. Aliona kwamba maskini msituni anahitaji liturgia nzima kama tajiri wa mjini, pengine zaidi yake, kwa kuwa hana kitu kingine cha kumkumbusha kwamba yumo katika Kanisa la vizazi vyote.

Alisikiaje habari za watu hao? Kwa wito wa mchungaji Friedrich Wyneken, aliyeeleza jinsi Walutheri wa kule walivyokuwa wakifa bila mchungaji na watoto wao wakikua bila ubatizo. Löhe aliusoma wito huo na kuanza kuomba msaada. Vijana wawili, Adam Ernst na Georg Burger, walijitokeza. Hawakuwa wasomi wa chuo kikuu. Aliwafundisha kijijini kwake, na mwaka 1842 wakapanda meli. Wengine wakafuata. Mwaka 1845 ukaanzishwa usharika wa Frankenmuth huko Michigan, ukiwa na nia ya kuwapelekea Injili wenyeji wa nchi hiyo. Mwaka 1846 ikaanza seminari huko Fort Wayne. Watu wa Löhe walikuwa miongoni mwa walioanzisha Sinodi ya Missouri mwaka 1847, na Sinodi ya Iowa mwaka 1854. Yote hayo yalitoka katika kijiji kimoja, kwa mchungaji ambaye hakuwahi kuvuka bahari.

Hili linajibu pia udhuru tunaousikia mara nyingi: Chakula cha Bwana hakiwezekani kila Jumapili kwa kuwa wachungaji hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Mchungaji mmoja ana mitaa mingi, na wainjilisti hubeba mzigo mkubwa kwa ujira mdogo. Lakini Löhe alipoambiwa kwamba wachungaji hawatoshi hakusema, "Basi wavumilie." Alisema watafutwe, wafundishwe, watumwe, na fedha zichangwe. Usharika unaoweza kuchangia jengo jipya lenye vigae vinavyong'aa unaweza kumsomesha mtumishi. Upungufu ukikubaliwa kuwa hali ya kawaida, si upungufu tena, umekuwa uchaguzi.

Wala Bavaria haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Mwaka 1886 Walutheri wa Bavaria waliunda chama cha misheni huko Hersbruck kwa ajili ya Afrika Mashariki, wakatuma wamisionari kwenye eneo la nyuma ya Mombasa. Kazi yao ilipokewa na Misheni ya Leipzig, ambayo mwaka 1893 ilianza kazi Kilimanjaro. Na leo kituo cha misheni cha Kanisa la Bavaria, chenye uhusiano na Kanisa letu la KKKT, kipo katika kijiji kile kile cha Neuendettelsau.

Madhabahu na kitanda cha mgonjwa

Mwaka 1854 Löhe alianzisha nyumba ya madiakonisa Neuendettelsau. Wasichana wa vijijini, ambao jamii iliwaona kuwa hawana kazi nyingine ila kungoja kuolewa, walifundishwa kuuguza, kufundisha na kutunza. Nyumba zikaongezeka: za wagonjwa, za watoto, za watu wenye ulemavu wa akili ambao wengine waliwaficha. Mwaka 1858 kikaanzishwa humo chama cha kushona vitambaa vya madhabahu. Katika nyumba moja, basi, kulikuwa na kazi ya kudarizi kitambaa cha altare na kazi ya kumwogesha mgonjwa asiyeweza kujiogesha. Löhe hakuona mgongano. Kwake diakonia ilianzia Mezani: anayepokea Mwili wa Kristo madhabahuni hujifunza kuugusa mwili wa ndugu yake kitandani.

Hatumtetei Löhe katika kila jambo. Alikuwa mkali. Mwaka 1860 alisimamishwa kazi kwa muda kwa sababu alikataa kumfungisha ndoa mtu aliyekuwa ametaliki. Fundisho lake juu ya ofisi ya uchungaji lilimfarakanisha na ndugu wa Missouri, nasi tunaona kwamba wao walikuwa na haki kumkumbusha ukuhani wa waamini wote. Lakini hata hapo liturgia yenyewe inamsahihisha mwenye liturgia: katika ibada mchungaji hasemi peke yake, usharika humjibu. Katika ibada iliyofupishwa hubaki mtu mmoja mwenye kipaza sauti na umati unaosikiliza. Nani basi anayewanyang'anya washarika ukuhani wao?

Tena liko jambo zito zaidi ambalo kila mpenda liturgia ni lazima alitazame. Katika miaka ya 1940 na 1941, chini ya utawala wa Hitler, zaidi ya watu elfu moja wenye ulemavu waliokuwa wakitunzwa katika nyumba za Neuendettelsau walichukuliwa, na wengi wao wakauawa. Madhabahu ilikuwepo. Vitambaa vilivyoshonwa kwa ustadi vilikuwepo. Sala zilisomwa. Asitokee mtu kusema kwamba liturgia nzuri hulinda Kanisa kama hirizi. Paulo alikwisha kuwaambia Wakorintho, katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza, kwamba wanaokula mkate na kumdharau ndugu hujilia hukumu. Meza isiyomtambua mnyonge imeharibika hata kama kila neno limesomwa sawasawa. Lakini tiba ya Paulo haikuwa kuiondoa Meza. Aliwataka waile kwa kuupambanua mwili wa Bwana.

Tunachodai

Löhe mwenyewe aliandika kwamba Kanisa hubaki Kanisa hata likikosa liturgia, kama malkia anavyobaki malkia hata akivaa matambara. Tunakubaliana naye. Waliosali gerezani na waliojificha porini wakati wa vita hawakuwa pungufu ya Kanisa. Lakini kuvaa matambara kwa kulazimishwa ni jambo moja. Kulivua vazi la harusi kwa sababu tunataka kuwahi chakula cha mchana ni jambo jingine.

Kwa hiyo tunadai mambo machache, nayo hayahitaji fedha nyingi. Ungamo la dhambi lipewe kimya chake. Zaburi irudishwe, iimbwe kwa sauti zetu. Sala ya Kanisa iwataje watu kwa hali zao: mwenye mgonjwa Muhimbili, mwenye mtoto asiyejulikana alipo, mkulima ambaye mvua imemkimbia. Matangazo yasogezwe mwisho, yawe mafupi. Chakula cha Bwana kiongezwe hatua kwa hatua, mafundisho yakitangulia, mpaka kiwe cha kila Jumapili mahali penye mchungaji. Na mahali pasipo mchungaji, lililo la kwanza katika bajeti liwe kumpata. Watoto wa kipaimara wafundishwe maana ya kila sehemu ya ibada, maana asiyejua maana haambiwi maana, naye atakuwa wa kwanza kuikata akiwa mzee wa kanisa.

Ndugu washarika, Jumapili ijayo ibada itaanza tena kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtaitwa kuungama, nanyi mtasikia kwamba mmesamehewa. Meza itakapoandaliwa, kaeni. Mkiona kiongozi ameshika kalamu tayari kukata, mwulizeni kwa upole na kwa heshima: Mchungaji, hapo unapokata, ni nani atakayekosa chakula?